Darubini ya kukodi Arusha kwa nyangumi wa Dar es Salaam: tathmini ya Nikon Monarch 5 ya 8×42

Katika jiji la Arusha darubini ni bidhaa ya kawaida, kwa kuwa misafara mingi inayoelekea Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti huanzia hapa, na maduka yanayokodisha mahema, mifuko ya kulalia na viatu vya kupandia mlima hukodisha darubini pia. Swali ambalo wenye maduka hayo humwuliza mteja ni moja tu, nalo ni mbuga anayokwenda. Mimi nilikuwa nikielekea baharini. Nilitaka kifaa cha kuwatazamia nyangumi na pomboo kutoka ufukwe wa Dar es Salaam katika msimu wao, bila kupanda boti, na tathmini hii inahusu darubini niliyoikodi kwa kazi hiyo, yaani Nikon Monarch 5 ya 8×42, pamoja na huduma ya duka lililonikodisha, ambalo sitalitaja jina kwa sababu nina la kulisifu na la kulilaumu.

Kijana aliyenihudumia alitabasamu aliposikia habari ya nyangumi, akateremsha kutoka rafu ya juu darubini kubwa yenye vioo vyekundu iliyoandikwa 10-30×50. “Bahari ni pana, mzee wangu,” alisema, “chukua hii inayovuta mbali.” Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wengi, wakiwamo madereva wa utalii wenye uzoefu mkubwa wa mbugani, na ndiyo ninayotaka kuipinga hapa, kwa sababu ufukweni nguvu ya kuvuta ikizidi kiasi humnyima mtazamaji kile alichokifuata.

Namba ya kwanza katika maandishi ya darubini ni mara ambazo kitu huvutwa karibu, na ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata kipenyo cha mwanga unaotoka upande wa jicho: kwa 8×42 ni zaidi kidogo ya milimita 5, na kwa ile ya vioo vyekundu, ikivutwa hadi mara 30, hakifiki milimita 2. Mwanga mwembamba namna hiyo hulazimisha jicho likae mahali pamoja kabisa, la sivyo picha huzimika, na mtu aliyesimama kwenye upepo wa pwani hawezi kutuliza kichwa kiasi hicho. Wekundu wenyewe wa vioo ni pambo linalodhuru, kwa kuwa utando huo hurudisha nje sehemu ya mwanga mwekundu ambayo ilipaswa kuingia, na matokeo yake picha huwa na rangi ya kijani na giza kidogo. Niliijaribu mlangoni mwa duka kwa kutazama paa la jengo la mbali, nikairudisha.

Monarch 5 haina mbwembwe. Ina uzito wa takriban gramu 590, kwa hiyo shingo haichoki mapema, na umbali kutoka kioo cha nyuma hadi mahali jicho linapotakiwa kukaa ni milimita 19.5, jambo ambalo kwetu sisi tunaovaa miwani lina thamani kuliko sifa nyingine zote, kwa sababu tunaweza kukunja vikombe vya macho na kuona duara zima bila kuvua miwani. Ndani yake imejazwa gesi ya naitrojeni ili isipate ukungu, na mtengenezaji anaeleza kuwa inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 10. Toleo hili limekwisha kurithiwa na Monarch M5, lakini lile la zamani ndilo lililojaa kwenye maduka ya kukodisha, na sioni sababu ya mtu kulikataa.

Ili kifaa hiki kipimwe kwa haki, inafaa kwanza kujua kinachotafutwa na umbali wake. Mtu wa kimo cha wastani aliyesimama mchangani, maji yakiwa miguuni, huona upeo wa bahari ulio karibu kilomita 5 tu kutoka alipo. Akipanda mahali ambapo macho yake yako mita 10 juu ya maji, upeo unasogea hadi kilomita 11 hivi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kumwona nyangumi kutoka mjini ni kutafuta mahali palipoinuka, na kazi hiyo haifanywi na darubini yoyote. Nyangumi wa nundu, ambaye ndiye anayepita pwani yetu kwa wingi, hutoa pumzi ya mvuke inayopanda kiasi cha mita 3. Pumzi hiyo ikiwa umbali wa kilomita 3, jicho tupu huiona kama nukta nyeupe isiyotofautiana na povu la wimbi, lakini kupitia darubini ya mara nane kimo chake hukaribia upana wa mwezi mpevu unavyoonekana angani. Ukubwa huo unatosha kabisa kujua kuwa ni pumzi wala si wimbi, kwa kuwa povu huteremka na kutoweka palepale, ilhali mvuke husimama kidogo kisha husukumwa na upepo.

Upepo wenyewe ndio unaoamua mambo. Nyangumi hufika pwani ya Tanzania kati ya Julai na Oktoba, huku Agosti na Septemba ikiwa miezi ya matumaini makubwa zaidi, na huo ni wakati ambao kusi bado ina nguvu, hasa mwanzoni mwa kipindi hicho. Kusi hujaza bahari povu jeupe na husukuma mikono ya mtazamaji. Mtikisiko wa mkono huvutwa sawasawa na picha: anayetumia mara kumi anaona mtetemo wa mara kumi, na anayetumia mara thelathini haoni kitu isipokuwa mtetemo. Kwa mara nane niliweza kutazama nikiwa nimesimama, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni. Nilipoegemea ukingo wa ukuta picha ilitulia kiasi cha kuweza kuhesabu mapezi ya mgongoni ya pomboo.

Hapa ndipo ninapoweka shaka yangu ya pekee juu ya Monarch 5. Eneo linaloonekana ndani yake lina upana wa nyuzi 6.3, sawa na mita 110 kwa umbali wa kilomita 1, ilhali zipo darubini za 8×42 za umbo la kizamani, zile zenye mabega mapana, zinazofikia nyuzi 8. Tofauti hiyo haisumbui kwa simba aliyelala chini ya mgunga, kwa kuwa simba yuko palepale. Nyangumi huibuka, hupumua mara kadhaa, kisha huzama kwa dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya dakika 10, na huibukia mahali pengine. Mwenye duara pana humpata tena upesi zaidi. Nilizoea kufagia bahari polepole kwa mkanda, kutoka kushoto kwenda kulia chini kidogo ya upeo, na kusimama kila baada ya hatua, kwa sababu darubini inayotembea mfululizo haimwoni nyangumi hata akiwa ndani yake. Darubini za mabega mapana, hata hivyo, nyingi hazijafungwa dhidi ya maji, na kwa pwani ningechagua iliyofungwa yenye duara jembamba kidogo.

Jambo la pili linalohusu bahari tu ni jua. Dar es Salaam hutazama mashariki, na asubuhi, ambapo maji huwa yametulia kabla upepo haujapanda, ndipo jua linapokuwa mbele ya mtazamaji na bahari yote inapong'aa kama bati. Alasiri jua liko mgongoni na rangi za bahari ni za kupendeza, lakini upepo umekwisha kuamka. Hakuna darubini inayotatua mgongano huo, ingawa utando wa vioo vya Monarch 5 ulipunguza sana mng'ao wa pembeni, na niliweza kutazama pande mbili za njia ya jua bila macho kuuma. Kuielekeza darubini kwenye jua lenyewe ni hatari kubwa kwa macho na watoto waonywe mapema. Ratiba niliyoiona kuwa bora ni ya siku za mawingu mepesi, au saa ile fupi kabla jua halijachomoza, wakati kioo cha milimita 42 kinaonyesha faida yake kwa kukusanya mwanga ambao jicho peke yake haliwezi kuukusanya.

Mahali pa kusimama si pengi kama mtu anavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufukwe wa jiji imezibwa na kuta za hoteli na nyumba za watu. Coco Beach pako wazi kwa wote na panatazama bahari pana, ila mwisho wa juma mihogo ya kukaanga, muziki na mpira wa vijana haviachi nafasi ya utulivu. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 1 juu ya bahari, linampa mwenda kwa miguu kimo ambacho mchangani hakipatikani. Kasoro yake ni mtetemo wa magari, ambao kwenye darubini unaonekana waziwazi kila gari kubwa linapopita. Upande wa Kigamboni, kusini mwa mlango wa bandari, ufukwe unatazama bahari wazi, na huko ndiko nilikoiona pumzi ya kwanza, kisha ya pili ndogo iliyoifuata kwa karibu, ambayo niliielewa kuwa ya mtoto.

Kuelewa hivyo kulitokana na kusoma kabla ya kwenda, na ninaona duka linalokodisha darubini lingefanya vema kuwapa wateja wake angalau karatasi moja ya maelezo. Nyangumi wa nundu hula katika bahari baridi ya kusini, karibu na Antaktika, kisha husafiri kuja maji ya joto kuzaa na kupandana, na katika kipindi hicho nyangumi waliokomaa huishi zaidi kwa mafuta waliyoyahifadhi mwilini. Jike aliyekomaa hufikia urefu wa mita 15 hivi, na mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 au zaidi. Mapezi yake ya kifuani ni marefu ajabu, karibu theluthi moja ya mwili, na anapoyapiga juu ya maji mrusho mweupe wa maji huonekana kutoka mbali sana. Viumbe hawa waliwindwa karibu wamalizike. Uwindaji wao katika kizio cha kusini ulipigwa marufuku mwaka 1963, Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979, na kwamba leo mkazi wa Arusha anaweza kupanda basi na kwenda kuwatafuta kutoka ukingoni mwa jiji la mamilioni ya watu ni matokeo ya hatua za namna hiyo.

Pomboo hawana msimu mkali kama nyangumi, na kwa mgeni mwenye siku chache ndio wanaoelekea kuokoa safari. Wale wenye nundu mgongoni hupenda maji mafupi karibu na pwani, jambo ambalo huwaweka pia karibu na nyavu, mashua na uchafu wa mji, nao wamo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa Monarch 5 nilitofautisha bila shida nundu ndefu ya hao na pezi lililopinda la pomboo wa kawaida wa pwani, wale ambao watu wengi wanawafahamu kutokana na Kizimkazi. Jambo moja linafaa kusemwa kwa sababu mjadala wake ulizuka ndani ya basi: potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa anayewavutia wageni Mafia, si nyangumi wala si mamalia, mkia wake umesimama wima kama wa papa, na hapandi juu kuvuta pumzi, kwa hiyo kumtafuta kwa mvuke ni kujichosha bure.

Nguva sikuwatafuta. Waliobaki Tanzania ni wachache mno, tumaini kubwa likiwa eneo la delta ya Rufiji na Mafia, na kumtazamia kutoka ufukwe wa mjini ni ndoto.

Siku ambazo bahari haikutoa kitu, ndege waliilipia darubini kodi yake. Wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na yanapokupwa huacha wazi matope mapana karibu na mikoko ya Salender, ambako chekeamwezi na membe hushuka kula. Kuanzia Septemba idadi yao huongezeka kadiri wahamiaji kutoka kaskazini ya dunia wanavyowasili, kwa hiyo mwisho wa msimu wa nyangumi na mwanzo wa msimu wa ndege hao hupishana kwa wiki kadhaa, na kama ningelazimika kuchagua wakati mmoja wa kwenda, ningechagua nusu ya pili ya Septemba, ambapo pia kusi imeanza kupungua makali. Msafiri aangalie jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kukata tiketi.

Anayeazima darubini kwa mara ya kwanza asianze kuifahamu akiwa ufukweni. Ziwa Duluti, pale Tengeru, karibu na barabara ya Moshi, linafaa sana kwa mazoezi, kwa kuwa ni ziwa la kreta lenye msitu pande zote na ng'ambo yake haiko mbali. Mnandi hukaa kwenye magogo wakikausha mabawa, mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitupa majini, na furukombe akiita mtu hupata sababu ya kuinua darubini haraka na kumlenga bila kupapasa. Hapo ndipo nilipoweka sawa kirekebishi cha jicho la kulia, kwa kufumba la kulia kwanza na kusawazisha la kushoto kwa gurudumu la kati, kisha kufumba la kushoto na kusawazisha la kulia kwa kirekebishi chenyewe, na kukiwekea alama kwa kipande cha plasta ili kisihame njiani.

Chumvi ni adui ambaye maduka ya Arusha hayamfahamu, kwa kuwa yamezoea vumbi. Vumbi hupulizwa kwa kipulizio au kufagiwa kwa brashi laini. Chumvi iliyokauka haipaswi kuguswa kwa kitambaa kikavu, kwani chembe zake hukwaruza utando wa kioo. Darubini iliyofungwa dhidi ya maji, kama hii, huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi bila kusugua. Kingine kinachowashangaza watu wa nyanda za juu ni jasho la vioo: ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye hewa nzito ya pwani, vioo vya nje hufunikwa na unyevu kwa dakika kadhaa. Ndani ya Monarch 5 hapakuingia kitu, na nje palikauka penyewe.

Sasa niliseme duka. Kodi ilikuwa shilingi 15,000 kwa siku, pamoja na amana iliyolipwa kwa simu na kurudishwa jioni ileile niliyorudisha kifaa, bila kuzungushwa. Kijana aliniruhusu kukagua darubini tatu za aina moja kabla ya kuchagua, na nilimulika tochi ya simu kupitia kioo cha mbele cha kila moja. Mojawapo ilikuwa na utando wa kuvu ndani, nyingine ilinionyesha picha mbili zisizolingana nilipoitazama nguzo ya umeme, na ya tatu ndiyo niliyoichukua. Ninalaumu kwamba zote tatu zilikuwa kwenye rafu moja kwa bei moja, maana mgeni asiyejua kukagua angeondoka na ile inayotia kizunguzungu na kudhani macho yake ndiyo mabovu. Vifuniko vya vioo vya mbele havikuwapo, na kitambaa nilichopewa kilikuwa kimekwisha kufutia mengi.

Lawama kubwa zaidi ni hesabu ya siku. Kodi imepangwa kwa safari za mbugani, ambako mteja huanza kutumia kifaa siku anayoondoka mjini. Kwa Dar es Salaam basi hula siku nzima kwenda na nyingine kurudi, na siku hizo zinalipiwa sawa na nyingine, ilhali darubini imo ndani ya begi. Nilipoomba punguzo la wiki nilipewa kidogo, kwa heshima, na baada ya maneno mengi. Tatizo la pili la ratiba ni kwamba msimu wa nyangumi ni uleule wa wageni wanaokwenda kuona nyumbu wakivuka mto Mara, na mwezi Agosti darubini za 8×42 huchukuliwa zote na kampuni za utalii. Duka hupokea oda ya simu kwa nusu ya malipo na waliiheshimu yangu, lakini mteja aliyeingia bila oda nikiwa hapo aliambiwa zimebaki 10×42 pekee. Hizo si mbaya kwa mtu mwenye kiegemeo cha miguu mitatu, ila kifungio cha kuunganisha darubini na kiegemeo hicho duka halina, na itabidi kitafutwe kwa wapiga picha.